Kumng'oa Mbunge wa Jimbo kwa Kura Alizopiga Mwenyewe: Mwongozo kwa Mgombea Mpya Nchini Marekani

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Msomaji wa Tanzania akisikia "jimbo" huwaza sehemu inayowakilishwa na mbunge mmoja, na yule wa Kenya huiita sehemu hiyo eneobunge. Katika mwongozo huu, jimbo ni Texas, Ohio, Minnesota na mengine 47, na sehemu inayowakilishwa na mbunge mmoja nitaiita wilaya ya uchaguzi. Mbunge ninayemzungumzia si yule wa Washington. Ni yule anayeketi katika bunge la jimbo, ambaye majirani zako wengi hawamjui hata kwa jina, ingawa ndiye anayeamua shule za umma zipate fedha kiasi gani, muuguzi apewe leseni kwa masharti gani, mwenye nyumba ampe mpangaji notisi ya siku ngapi na barabara ipi ipanuliwe. Wabunge wa aina hii ni zaidi ya 7,300, na kila jimbo lina mabaraza mawili isipokuwa Nebraska, ambayo tangu 1937 ina baraza moja tu.

Kumwondoa mmoja wao si kazi nyepesi. Kwa kawaida zaidi ya asilimia 90 ya wanaotetea viti vyao hurudi bungeni. Jina lake limezoeleka, wafadhili wana namba yake ya simu, na mara nyingi mipaka ya wilaya ilichorwa na chama chake. Sababu nyingine, ambayo kwa maoni yangu haitajwi inavyostahili, ni kwamba viti vingi hupita kila msimu bila mpinzani wa maana, na wapinzani wengi wanaojitokeza hugombana na mtu badala ya kugombana na kura alizopiga. Husema "amekaa mno", "ana kiburi", "ametusahau". Maneno hayo yanaweza kusemwa juu ya yeyote, na mbunge mzoefu huyajibu kwa tabasamu na picha akiwa amembeba mtoto wa mtu. Kura aliyoipiga tarehe fulani, juu ya muswada wenye namba, jina lake likiwa limeandikwa mbele ya neno "hapana", haijibiki kwa tabasamu.

Hakikisha kwanza kwamba unaruhusiwa

Mhamiaji aliyepata uraia anaweza kugombea ubunge wa jimbo. Sharti la kuwa raia wa kuzaliwa linawahusu rais na makamu wake tu. Huldah Momanyi Hiltsley, aliyezaliwa Kenya, alichaguliwa kuingia Baraza la Wawakilishi la Minnesota mnamo Novemba 2024. Umri na muda wa ukaazi hutofautiana kutoka jimbo hadi jimbo. Texas, kwa mfano, humtaka mgombea wa Baraza la Wawakilishi awe na umri wa miaka 21 na awe ameishi jimboni miaka 2 na wilayani mwaka 1, ilhali wa Seneti lazima awe na miaka 26 na awe ameishi jimboni miaka 5. Iandikie ofisi inayosimamia uchaguzi na uhifadhi jibu lake, kwa sababu pingamizi la kwanza dhidi ya mgombea mgeni mara nyingi huhusu anwani yake.

Angalia pia kazi unayofanya. Mtumishi wa serikali ya shirikisho, akiwemo mfanyakazi wa posta, anazuiwa na sheria ya Hatch Act kugombea katika uchaguzi unaowashindanisha wagombea wa vyama. Nimemwona kijana hodari akitumia miezi mitatu kujenga kampeni kabla ya mtu kumwuliza anafanya kazi wapi.

Ndugu na marafiki ambao bado hawajapata uraia wanaweza kujitolea kugonga milango na kupiga simu, lakini wasijiandikishe kupiga kura hata kama karani amewapa fomu kwa bahati mbaya. Kosa hilo linaweza kumgharimu mtu ukaazi wake.

Kuisoma rekodi kama mhasibu anavyosoma vitabu

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi huruka. Tovuti ya kila bunge la jimbo ina miswada, hatua ilizopitia, na orodha za kura zilizopigwa kwa kuita majina. LegiScan imekusanya taarifa za majimbo yote mahali pamoja, na Ballotpedia inafaa kwa historia ya chaguzi alizopitia mbunge wako. Tengeneza jedwali lenye safu saba: tarehe, namba ya muswada, hatua uliyokuwa umefikia, kura yake, matokeo, kura ya kiongozi wa chama chake, na maelezo yako ya sentensi moja. Jaza jedwali hilo kwa vikao vyake vyote, au angalau vitatu vya mwisho. Jioni kumi zitakwisha hivi hivi bila chochote cha kusimulia, na ni sawa.

Safu ya kura ya kiongozi wa chama watu hupenda kuiacha, nami naisisitiza. Mbunge aliyepiga kura na kiongozi wake mara zote hawezi kusema kwamba yeye ni mtu huru asiyeamrishwa; na yule aliyemwasi kiongozi mara mbili au tatu atakuonyesha, kwa nyakati hizo hizo, kile anachokiogopa au anachokithamini kweli.

Sasa mitego. Namba za miswada hujirudia kila kipindi kipya cha bunge kinapoanza, kwa hiyo muswada namba 12 wa 2023 hauhusiani kabisa na namba 12 wa 2025. Muswada pia hubadilika njiani: ule uliosomwa kamatini unaweza kuwa na kurasa nne, na ule uliopigiwa kura ya mwisho ukawa na kurasa arobaini na jina lile lile. Tafuta nakala iliyokuwa mezani siku ya kura, si ile ya mwanzo wala sheria iliyotoka mwishoni.

Mtego mkubwa zaidi ni kura za utaratibu, na nitausimulia kwa sababu uliwahi kutunasa. Katika kampeni moja niliyoisaidia tulimkuta mbunge amepiga "hapana" kwenye muswada ambao yeye mwenyewe alikuwa ameutetea hadharani mwaka mzima. Tulidhani tumepata almasi. Tulichapisha vipeperushi elfu nne vyenye maneno "Alisema hivi, akapiga vile". Siku mbili kabla ya kuvigawa, mama mmoja mstaafu aliyewahi kuwa karani wa bunge akatuuliza kama tumeangalia kilichofuata kesho yake. Hatukuwa tumeangalia. Katika mabunge mengi, ni mbunge aliyekuwa upande ulioshinda pekee anayeruhusiwa kutoa hoja ya kuirudia kura. Muswada ulipoonekana unaanguka, mtetezi wake akageuza kura yake kuwa "hapana" ili apate haki ya kuurudisha mezani, na kweli aliurudisha kesho yake ukapita. Ukurasa wa kura ulimwonyesha kama msaliti, ilhali ukurasa uliofuata ulimwonyesha kama fundi. Vipeperushi vyote vilikwenda kwenye pipa la karatasi, nasi tukamshukuru yule mama kwa keki.

Kwa sababu hiyo, usiiamini kura yoyote kabla ya kusoma kilichotokea kabla yake na baada yake. Hoja ya "kuweka mezani" marekebisho ni kura ya kuyaua bila kuyapinga kwa jina, na wabunge huipenda kwa sababu hiyo hiyo; ukiitumia, eleza kwamba aliyaua marekebisho, usiseme kwamba alipiga kura dhidi ya jambo lenyewe. Kutokuwepo nako kuna sura nyingi. Mbunge aliyekosa kikao kwa sababu ya msiba au upasuaji atakufanya uonekane huna utu, lakini yule aliyepiga kura saa nne asubuhi, akatoweka kwenye kura ya saa tano yenye utata, kisha akarudi saa sita, anapaswa kuulizwa alikuwa wapi. Bajeti ni hatari kwa pande zote mbili. Mtu aliyepiga "hapana" kwenye bajeti ya kurasa mia tano amepinga shule, hospitali, magereza na barabara kwa mkupuo mmoja, na ukidai kwamba "alipinga hospitali" atakujibu kwa urahisi kwamba alipinga magereza. Ikiwezekana, tafuta marekebisho mahususi ndani ya bajeti hiyo yaliyopigiwa kura peke yake.

Kuna rekodi nyingine isiyo na kura kabisa. Miswada mingi haifi ukumbini. Hufa kamatini kwa sababu mwenyekiti hakuipangia siku ya kusikilizwa. Ikiwa mbunge wako ni mwenyekiti wa kamati, orodha ya miswada aliyoikalia huenda ikawa na uzito kuliko kura zake zote. Mabunge mengi huhifadhi video za vikao vya kamati. Sikiliza vile vikao ambavyo wananchi walikwenda kutoa ushahidi, uandike dakika na sekunde alipojibu, na usikate maneno yake katikati ya sentensi.

Mwisho, linganisha jedwali lako na taarifa za michango. Fedha za kampeni za wabunge wa majimbo hazisimamiwi na tume ya shirikisho bali na ofisi ya jimbo lenyewe, kama Texas Ethics Commission kule Texas, na taarifa hizo ziko wazi kwa umma. Ukiona mchango mkubwa wiki chache baada ya kura, andika tarehe mbili hizo kando kwa kando na uishie hapo. Kudai kwamba alinunuliwa ni jambo jingine, linalohitaji ushahidi ambao huna.

Kuchagua kura moja

Jedwali likikamilika utakuwa na mambo ishirini ya kumshutumu, na kishawishi kitakuwa kuyasema yote. Usikubali. Mpiga kura atakumbuka moja, na akipewa saba hakumbuki hata hilo moja. Kura ya kuchagua ni ile ambayo aliyeumizwa nayo anaishi ndani ya wilaya, inayoelezeka kwa pumzi moja, na ambayo mbunge hawezi kuikana wala kuigeuza. Sharti la kwanza ndilo huwashinda wagombea wenye bidii, kwa sababu kura iliyowakasirisha wao huwa haijagusa mtaa wao.

Mfano ninaoupenda ni wa Virginia, 2017. Bob Marshall alikuwa bungeni tangu 1992 na alijulikana nchi nzima kwa miswada ya mambo ya jamii, ukiwemo wa kuzuia watu waliobadili jinsia kutumia vyoo wanavyovitaka. Aliyempinga, Danica Roem, mwandishi wa habari wa zamani, naye ni mtu aliyebadili jinsia. Kila kamera ilitaka wagombane juu ya hilo. Roem alizungumza juu ya msongamano wa magari katika barabara ya Route 28 pale Manassas, akarudi kwenye Route 28, na alipoulizwa tena akarudi kwenye Route 28. Hoja yake ilikuwa kwamba mbunge ametumia miaka mingi kwenye vita vyake mwenyewe huku watu wake wakikwama barabarani kila asubuhi. Alishinda. Iwe unaupenda msimamo wa Marshall au huupendi, angalia ufundi: rekodi ilisomwa kwa yale ambayo mbunge hakuyafanya.

Oklahoma inaonyesha upande wa pili, kura moja yenye namba na tarehe. Machi 2018 Baraza la Wawakilishi la huko lilipitisha ongezeko la kodi za sigara, mafuta ya magari na uchimbaji wa mafuta na gesi ili kuwaongezea walimu mishahara, kwa kura 79 dhidi ya 19. Siku chache baadaye walimu waligoma na kujaa katika jengo la bunge. Wale 19 waliosema hapana walikuwa Warepublican, na walimu, wengi wao wakiwa wapiga kura wa chama hicho hicho, waliyashika majina yao. Baadhi hawakugombea tena, na kadhaa waling'olewa na wenzao wa chama katika mchujo, yaani uchaguzi wa awali wa kumpata mgombea wa chama, na marudio yake (duru ya pili) ya Agosti.

Miaka sita baadaye, Texas, silaha hiyo hiyo ilielekezwa upande mwingine. Novemba 2023 Warepublican 21 waliungana na Wademokrasia kuondoa kwenye muswada mpango wa fedha za umma kulipia shule binafsi, kwa kura 84 dhidi ya 63. Gavana Greg Abbott aliwaunga mkono wapinzani wa kadhaa kati yao katika mchujo wa Machi 2024 na marudio yake ya Mei, na wengi wa waliotetea viti wakaanguka. Ukweli ni kwamba matangazo mengi ya kampeni hizo yalizungumzia mpaka na uhamiaji kuliko shule. Kura ilikuwa sababu ya vita lakini haikuwa risasi iliyotumika, na msomaji ajihadhari asidhani kwamba sababu na ujumbe lazima viwe kitu kimoja.

Mchujo au uchaguzi mkuu?

Wilaya nyingi zimeegemea chama kimoja kiasi kwamba uchaguzi wa kweli ni mchujo. Ikiwa chama cha mbunge hushinda hapo kwa asilimia 70, mpinzani wa chama cha pili anaweza kuwa na rekodi yote mkononi na bado asifike popote, ilhali mwanachama mwenzake anaweza kumwondoa kwa kura elfu tatu. Agosti 2016 Ilhan Omar, aliyeishi utotoni katika kambi ya wakimbizi nchini Kenya, alimshinda katika mchujo wa chama chao huko Minneapolis Phyllis Kahn, aliyekuwa bungeni tangu 1973. Hoja hapo haikuwa kwamba Kahn alipiga kura vibaya. Wilaya ilikuwa imebadilika, na swali likawa nani anaijua kama ilivyo sasa.

Soma kanuni za mchujo wa jimbo lako mapema. California na jimbo la Washington huweka wagombea wote kwenye karatasi moja na wawili wa kwanza huendelea, hata wakiwa wa chama kimoja. Kwingine ni waliojiandikisha na chama pekee wanaoruhusiwa kupiga kura, na tarehe ya mwisho ya kubadili chama inaweza kuwa miezi kabla ya siku yenyewe. Virginia, New Jersey, Louisiana na Mississippi huchagua wabunge wao wa majimbo katika miaka isiyogawanyika kwa mbili, wakati wapiga kura wengi wamelala.

Sahihi, pingamizi na pesa

Majimbo mengi humtaka mgombea akusanye sahihi za wapiga kura wa wilaya. Kusanya mara mbili ya idadi inayotakiwa, kwa sababu zitapungua: huyu hajajiandikisha, yule alihama, mwingine ameandika jina la mkewe. Kila karatasi iliyorudi jioni ilinganishwe usiku huo huo na daftari la wapiga kura. Pitia pia sahihi za mbunge. Mnamo 1996 Barack Obama alichaguliwa kuingia Seneti ya Illinois baada ya watu wake kuzipinga sahihi za Alice Palmer, aliyekuwa akikishikilia kiti hicho na ambaye alikusanya zake kwa haraka baada ya kushindwa kwenda Congress, bunge la shirikisho. Palmer alijiondoa, wapinzani wengine nao wakakosa sahihi za kutosha, na Obama akabaki peke yake katika mchujo. Wapo wanaouona ushindi huo kuwa wa kikarani. Mimi nauona kama ushahidi kwamba karatasi isiyosomwa na mtu yeyote ndiyo yenye hatari.

Juu ya pesa, fungua akaunti ya benki ya kampeni kabla ya kupokea senti ya kwanza, na mteue mweka hazina asiyeogopa kukukatalia. Viwango vya michango hutofautiana: Virginia na Texas hazimwekei mtu binafsi kikomo kwa wagombea wa bunge, ilhali Maine na Arizona zina mfuko wa umma unaomfadhili mgombea aliyekusanya michango midogo ya dola 5 kutoka kwa idadi maalumu ya wapiga kura. Sisi tuliokulia kwenye harambee tuna hatari zetu mbili. Ndugu aliyeko Afrika Mashariki ambaye si raia wa Marekani wala hana ukaazi wa kudumu hawezi kuchangia, hata dola 10 za kukutakia heri, kwa kuwa sheria ya shirikisho inakataza fedha za wageni katika chaguzi zote, ukiwemo wa jimbo. Na kikundi hakiwezi kuchangishana taslimu kisha mtu mmoja akatuma kwa jina lake, kwani kuchangia kwa jina la mwingine ni kosa. Kila mtu atoe chake, kwa jina lake, na kwa anwani yake.

Usitegemee mshahara wa ubunge kulipa madeni ya kampeni. Texas hulipa dola 600 kwa mwezi, na New Hampshire dola 100 kwa mwaka, kiwango kilichowekwa 1889.

Mlangoni

Nunua au uombe daftari la wapiga kura la wilaya yako. Halisemi mtu alimpigia nani, lakini linasema alipiga kura katika chaguzi zipi, na hilo linatosha kuchagua milango. Ikiwa watu 6,000 hupiga kura katika mchujo na mko wawili, unahitaji 3,001. Katika mchujo usio na msisimko, muda wako ni wa wale waliopiga kura katika angalau mmoja kati ya michujo mitatu iliyopita. Kwa uzoefu wangu, milango 20 kwa saa hufunguka sita au saba.

Tuseme kura uliyoichagua ni ya kukataa fedha za mabasi ya shule. Anza kwa swali, kisha unyamaze.

"Habari za jioni, mama. Ninagombea ubunge wa jimbo, na sitakuchelewesha. Watoto wa hapa bado wanachukuliwa na basi la shule?"

"Basi liliondolewa mwaka jana. Binti yangu anawapeleka kwa gari, na kazini anachelewa kila siku."

"Fedha za mabasi hayo zilipigiwa kura Machi 14. Mbunge wetu alikataa. Huu ni ukurasa wa bunge wenyewe, jina lake ni hili hapa."

Mama huvaa miwani, hushika karatasi, hutafuta jina kwa kidole. "Huyu si ndiye alipita kwenye gwaride akigawa peremende?"

"Ndiye huyo."

Hapo usiongeze neno juu ya tabia ya mbunge. Mwambie wewe ungepigaje kura hiyo na fedha zingetoka wapi, kwa sababu hilo ndilo swali lake linalofuata hata asipolitamka. Mgombea asiyejua gharama ya muswada anaoutetea ataaibika siku ya mdahalo. Karibu kila bunge huambatanisha miswada na makadirio ya gharama. Yasome kabla hujagonga mlango wa kwanza.

Mpe nakala ya ukurasa wa kura wenye namba ya muswada, ili mjukuu wake aweze kuuthibitisha kwenye simu. Kila chapisho litaje nani amelilipia, kwa maneno ambayo sheria ya jimbo inayataka.

Atakavyojibu

Jibu lake la kwanza litakuwa kimya, kwa kuwa kukujibu ni kukutambulisha. Marshall alikataa midahalo na Roem. Kimya kikitokea, usipige kelele kukitangaza. Endelea na milango.

Jibu la pili litakuwa kwamba umeinyofoa kura kutoka mahali pake. Ndiyo maana ya lile jedwali. Ikiwa muswada ulikuwa na jambo baya pamoja na lile zuri, liseme wewe kwanza: "Muswada ulikuwa pia na kodi mpya ya mafuta, na ninaelewa kwa nini baadhi walisita. Lakini siku hiyo hiyo yalikuwepo marekebisho ya kuiondoa kodi hiyo na kubakisha mabasi, na hayo pia aliyakataa." Sentensi hiyo huimalizi bila kujua ukurasa wa marekebisho, na yeye anajua kwamba unaujua.

Jibu la tatu huwa juu yako: jina lako, lafudhi yako, mwaka uliofika. Jibu mara moja kwa utulivu kisha urudi kwenye tarehe ya kura. Kuhusu kesi za kashfa, tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya New York Times dhidi ya Sullivan, 1964, kiongozi wa umma hawezi kushinda bila kuonyesha kwamba ulijua ni uongo au ulipuuza kabisa kujua. Kinga hiyo ni pana, lakini wakili bado hulipwa kwa saa, na mpiga kura aliyekukamata na kosa moja hakusomei sheria.

Kura zikihesabiwa

Weka wakala kila kituo kinachoruhusu, uwe na wakili anayejua masharti ya kuhesabu upya, na usitoe hotuba ya kukubali kushindwa wakati kura za posta na za muda (zile zinazosubiri kuthibitishwa) hazijakamilika. Katika wilaya ya 94 ya Virginia, 2017, Shelly Simonds alimpinga mbunge David Yancey. Katika hesabu ya awali Yancey aliongoza kwa kura 10. Kura zilipohesabiwa upya Simonds akawa mbele kwa kura 1. Kisha majaji wakaikubali karatasi moja ambayo mpiga kura alikuwa ameweka alama kwa wote wawili na kuchora mstari juu ya alama ya Simonds, na kila mmoja akawa na kura 11,608. Januari 4, 2018 majina yao yaliwekwa kwenye bakuli, na jina lililotolewa likawa la Yancey, jambo lililokipa chama chake viti 51 dhidi ya 49.

Simonds alirudi mwaka 2019 dhidi ya Yancey yule yule, safari hii akiwa na rekodi ya vikao viwili zaidi ya kumsomea, na akashinda. Wasilisha taarifa yako ya mwisho ya fedha kwa wakati, wape waliojitolea barua za shukrani, na usifute lile jedwali. Mabunge mengi hufungua kikao Januari, na safu ya tarehe itakuwa na mstari mpya ndani ya wiki chache.